Haya na Basi

Enzi zetu kule juu, kwenye nyanda za baridi, mtoto aliyechelewa shule alikuwa na visingizio vitatu vilivyokubalika: mto umejaa, ng'ombe amezaa, au pundamilia wameingia kwenye pareto. Mimi nilikuwa na cha nne, cha farasi kuzaa, na mwalimu wetu wa darasa la tatu alikataa katakata kukiamini. Alinipiga viboko viwili kwa ajili ya mtoto wa farasi aliyekuja kuitwa Kesho. Nasema hivyo bila kinyongo. Ni miaka mingi sasa, na mwalimu huyo hakuwa amemkaribia farasi maishani mwake.

Shamba letu lilikuwa mwisho wa skimu. Serikali ilikuwa imewagawia watu ardhi ya walowezi walioondoka, kila familia na ekari zake na lugha yake, na mbele ya nyumba za mwisho kulikuwa na msitu tu na nyika isiyolimwa. Majirani walipanda viazi, kabeji na pareto. Katikati yao alibaki mama mmoja wa Kizungu aliyekataa kuondoka, yeye na farasi wake majike kumi na wawili wa kuzalisha. Tulimwita Mama Farasi, naye alilijua jina hilo. Kiswahili chake kilikuwa kile cha walowezi, kilichovunjika mifupa yote lakini kikatembea.

Baba alikuwa saisi wake. Kazi yake ilikuwa kuwalisha farasi, kuwasugua, kuwazalisha na kuwafundisha kubeba mtu. Watu wa skimu hawakuielewa kazi hiyo. Jirani mmoja alimuuliza Baba mara kwa mara yule mnyama asiyekamuliwa wala kuchinjwa ana faida gani, na Baba alimjibu jibu lile lile, kwamba anapendeza. Jirani alienda zake akitikisa kichwa.

Kama ulikulia baridi ya kule utakumbuka sakitu asubuhi, nyasi nyeupe, na miguu isiyo na viatu. Watoto wa wenzetu walipasha nyayo pale ng'ombe alipolala. Sisi tulikuwa na samadi ya farasi iliyofuka mvuke, na tulijiona watu wa tabaka la juu. Kwenye banda kulikuwa na pipa la molasi ya kuchanganya na shayiri, na sijui mtoto hata mmoja wa shamba lile ambaye hakutia kidole humo. Jioni tulicheza kati na brikicho mpaka mama zetu wakapaza sauti. Tulikula viazi vilivyochomwa jivuni, na githeri ya mahindi na maharagwe leo, na githeri kesho. Shuleni tulipewa maziwa kwenye zile pakiti za pembe tatu. Ukimaliza unaipuliza, unaikanyaga, inalia kama bunduki. Baba alipiga marufuku mchezo huo ndani ya shamba baada ya jike mmoja kuruka ua na kwenda kuonekana kwa chifu.

Shuleni pia kulikuwa na diski, kile kibao cha kuvalishwa shingoni ukikamatwa unazungumza lugha isiyoruhusiwa. Siku za Kiingereza hata Kiswahili kilikuwa kosa. Nilikuwa nikiwaza kwamba farasi wetu wangevaa diski mwaka mzima. Kwenye vitabu vya Mama Farasi walikuwa na majina marefu ya Kiingereza, lakini bandani walijua Kiswahili cha Baba tu.

Baba hakuwavuta farasi kwa hatamu. "Wewe ukivutwa mdomo utasikia?" alituuliza. Aliwafundisha kwa sauti, na maneno makubwa yalikuwa mawili. Akisema "haya," farasi anakwenda. Akisema "basi," farasi anasimama. Alisema polepole, bila kupaza, na mnyama wa kilo mia tano alimtii. Kwa sababu hiyo watu walikuja kununua farasi kwetu kutoka mbali, na Mama Farasi hakuficha sifa hizo zilikuwa za nani.

Kesho alizaliwa alfajiri moja ya mvua, na kufikia saa moja asubuhi mama yake alikuwa amekufa. Kila aliyechungulia bandani alisema huyu atakufa kesho. Kesho yake hakufa, wala kesho yake tena, na jina likabaki hilo. Baba alinikabidhi chupa ya soda yenye chuchu ya mpira, na maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji na sukari kidogo. Nilimlisha kabla ya shule na baada ya shule. Nilikuwa mtoto wa tano kati ya saba; gauni langu lilikuwa la dada yangu, kitanda changu kilikuwa cha watatu. Kesho alikuwa kitu changu cha kwanza nisichogawana na mtu. Nilimpenda sana, na sioni sababu ya kutafuta neno dogo kuliko hilo.

Alipofika miaka mitatu Baba alimfundisha haya na basi, na mimi nikiwa darasa la sita nikaona akiuzwa. Alinunuliwa na bwana mmoja wa Nairobi kwa ajili ya binti yake. Hakuna aliyeniuliza, na hapakuwa na sababu ya kuniuliza. Shamba lilikuwa la kuzalisha farasi na kuwauza. Nililiona lori likipotea kwenye vumbi, kisha nikaenda kuteka maji.

Baada ya wiki moja ikaja barua. Bwana wa Nairobi alitaka kujua saisi wa kule alimfundisha Kesho kwa maneno gani, maana kila wakijaribu lao anawatazama tu. Mama Farasi akamwambia Baba apeleke jibu. Baba hakujua kusoma wala kuandika, na mwandishi wa nyumba yetu nilikuwa mimi. Nilikuwa nikiandika barua zake zote kwa ndugu zake, na hati yangu ilisifiwa.

Tulikaa mezani. Alisema, nikaandika. "Akitakiwa kuondoka, aambiwe haya. Akitakiwa kusimama, aambiwe basi." Nikaandika kinyume.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Kesho hatawatii, watasema ana wazimu, watamrudisha. Na kosa lenyewe halikuwa rahisi kugunduliwa na mtu wa Kiswahili. Tunasema haya, twende, na tunasema haya, yatosha. Tunasema basi, acha, na tunasema basi, tuondoke. Saisi wa Nairobi angeisoma barua ile na asione kitu. Nilifikiria yote hayo nikiwa na miaka kumi na miwili. Sikumfikiria mtu ambaye angekuwa juu ya mgongo wa Kesho.

Lori lilirudi Jumamosi, tukiwa tunamenya viazi. Niliuona uso wa Kesho juu ya ubao wa nyuma na moyo ukanilipuka kwa furaha. Halafu mlango wa mbele ukafunguka. Akashuka bwana wa Nairobi, akashuka saisi wake, akashuka msichana wa umri wangu, mkono wake wa kushoto umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni.

Saisi yule alieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulaumiwa njia nzima. Kwa basi farasi hakuondoka mpaka alipopigwa visigino, na binti alikuwa akielekea kwenye ua wa miti. Akataka kusimama. Akasema haya. Kesho akaongeza mwendo. Akasema tena haya, akapiga kelele haya, haya, haya, na kila alivyozidi kupiga kelele ndivyo farasi alivyozidi kukimbia, mpaka akamwangusha uani. Kisha akaitoa barua yangu mfukoni na kuisoma mbele ya watu wote: "Akitakiwa kuondoka, aambiwe basi. Akitakiwa kusimama, aambiwe haya."

Baba alinitazama mara moja. Haikuchukua muda. Nilikuwa nimeshika kiazi kilichomenywa nusu.

"Ndivyo nilivyosema," Baba akawaambia. "Nimekosea mimi."

Mama Farasi hakuamini. "Wewe? Miaka ishirini wewe nafundisha farasi, sasa nasahau maneno ya wewe?"

"Nimezeeka, memsahib."

Alikuwa na miaka arobaini na minne. Akaenda kwa Kesho aliyekuwa ameshashushwa, akamwambia haya, Kesho akatembea. Akamwambia basi, akasimama. Kila mtu akaona kwamba saisi hakusahau kitu. Hilo lilimharibia zaidi, kwa sababu sasa alionekana ama mjinga ama mtu mbaya. Mama Farasi akamtazama msichana mwenye plasta, akasema, "Wewe kaa geti sasa. Farasi hapana tena." Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Sikuufungua, na mpaka leo naona aibu.

Kesho alirudi Nairobi mchana ule ule. Kabla lori halijaondoka Baba aliniingiza bandani na karatasi mpya. Alisema, nikaandika. Halafu akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akasema, tena. Nilimsomea mara tatu, yeye amefumba macho, kisha nikaipeleka barua kwa yule msichana, naye akaipokea kwa mkono mzima na kusema asante.

Nilingoja kipigo njia nzima ya kurudi nyumbani. Baba alitembea mbele. Karibu na mlango akasimama, akasema bila kugeuka, "Farasi hajui kusoma. Mimi pia. Tulikuwa tunakutegemea wewe." Akaingia ndani, akaomba chai. Hakulitaja tena, si kwangu wala kwa Mama.

Wakaletwa vijana wawili wa kutunza farasi, na Baba akapewa koti refu na kibanda cha getini. Kila asubuhi farasi walitolewa kwenda malishoni, na kila asubuhi walipofika getini walisimama wote. Vijana walivuta, walisukuma, walipiga miluzi. Farasi walikuwa wamemwona Baba na walikuwa wanangoja. Alifungua geti, akawaacha vijana wahangaike kidogo, maana naye alikuwa binadamu, kisha akasema kwa ile sauti yake, "Haya." Wakapita mmoja mmoja. Nami nilikuwa nyuma yao na begi langu la shule, na nilijikuta nimesimama pale pale, siwezi kupita. "Haya," aliniambia na mimi, nami nikaenda. Ilikuwa hivyo mpaka nilipomaliza shule, na mpaka Mama Farasi alipofariki na shamba likakatwa ploti. Leo pana viazi kutoka barabarani hadi msituni. Baba naye ameshaenda. Sikuwahi kumwomba radhi. Nilikuwa nangoja anipe nafasi, na nadhani yeye alikuwa anangoja niitafute.

Mimi sasa naishi ng'ambo, Croydon, kwa Waingereza. Kazi yangu ni ukalimani. Naingia kwenye vyumba vya maofisa, kwenye lile jengo kubwa la uhamiaji na kwingineko, nakaa katikati ya watu wawili wasioelewana, na kabla ya kuanza nakubali kutafsiri yote bila kuongeza wala kupunguza. Wenzangu husema maneno hayo haraka haraka ili kazi ianze. Mimi huyasema polepole, na kuna ofisa mmoja ameshaniuliza kama nina tatizo la koo.

Watoto wa siku hizi wamepumzika na shida hizi. Mjukuu wangu ana miaka kumi na mmoja, amezaliwa hapa hapa, anaelewa kila ninachosema na hunijibu kwa Kiingereza. Viatu anavyo jozi sita na bado analalamika miguu ina baridi. Mama yake amemwandikisha kujifunza kupanda farasi, nje kidogo ya mji, unafika kwa tram na basi moja. Jumamosi iliyopita alinisimulia kwamba farasi wake ni mkaidi. Nikamwambia ajaribu maneno ya babu wa mama yake, haya na basi. Akayaingiza kwenye simu, akacheka mpaka akakaa chini. Simu ilikuwa imemwambia kwamba haya ni aibu, na basi ni gari la abiria.

Sikuweza kusema simu imekosea sana. Nilimtazama akicheka na nikawaza kwamba sisi hatukuwa na simu wala viatu, na tulikuwa na mtu wa kujitokeza mbele ya watu na kusema nimekosea mimi. Simu ikikosea hakuna anayejitokeza. Hakuna hata anayepelekwa getini.

Nikampa kalamu na karatasi. Akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini asiandike kwenye simu. Nikamwambia andika. Haya, anakwenda. Basi, anasimama. Kisha nikamwambia anisomee. Akasoma. Nikasema, tena. Akayainua macho juu kama wanavyofanya, akasoma. Nikasema, tena. Aliposoma mara ya tatu nilikuwa nimefumba macho, na nilipoyafumbua nilimkuta amesimama mlangoni, kofia yake ya kupandia mkononi, karatasi mfukoni, ananitazama na hajui kama ameruhusiwa.

"Haya," nikamwambia.