Madigadi Iliyobonyea

Nasike Mukhisa aliandika mabango ya maduka mjini Kitale miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Mwenye bucha akitaka ng'ombe achekee wateja, Nasike alimchora akicheka, meno yote nje. Kazi ya mtu ni ya mtu, alisema, achague mwenyewe. Lakini kifaru kile hakikuwa kazi ya mtu.

Kilikuwa kifaru cha vita cha plastiki, kidogo, cha kutosha kukaa juu ya redio. Alikiokota kwenye rundo la mitumba kikiwa hakina mzinga wala madigadi. Alipokigeuza mkononi alimkumbuka baba yake, Mzee Mukhisa wa Bokoli, aliyeendesha kifaru jeshini ujana wake wote na ambaye hadithi yake ilikuwa moja. Siku ya kwanza kuachiwa usukani peke yake aligonga nguzo ya lango la kambi. Madigadi ya kulia ikabonyea, na mkubwa wake akakataza isinyooshwe. "Iache hivyo, ikukumbushe." Watoto wa mzee waliijua hadithi hiyo kama sala ya chakula. Sasa macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, na Nasike alitaka aione ile madigadi kabla hayajapofuka.

Basi akakijenga. Mzinga aliutoa kwenye kalamu iliyokwisha wino. Antena ilikuwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Madigadi alizikata kwa wembe kutoka kwenye tyubu ya gundi ya viraka, bati laini linalotii kidole, na ile ya kulia akaibonyeza mwenyewe kwa gumba. Alipaka kijani kilichochuja, akapangusa kingo kwa kitambaa mpaka zikaonekana zimechunika kwa kupandwa na buti. Kutu aliichora kwa ncha ya njiti. Matope yalikuwa udongo halisi wa Endebess, jirani na Kitale, aliouchekecha kwa soksi na kuuchanganya na gundi.

Banda la ufundi kwenye maonyesho ya kilimo lilimwomba akilete, naye akamtumia baba yake habari aje akione huko. Akakiacha bandani jioni, akaenda kulala. Hapo ndipo alipokosea. Alijua kabisa kwamba mgeni wa heshima akitarajiwa, kila kitu hupakwa rangi: mawe ya kando ya njia, mashina ya miti, hata mizizi iliyojitokeza. Yeye mwenyewe aliwahi kuitwa kuyapaka mawe hayo. Hakudhani brashi ingeingia ndani.

Asubuhi alikikuta kifaru kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kijani kibichi, magurudumu meupe. Matope hakuna, kutu hakuna.

"Nani amekigusa?"

"Tumekuokoa, dada," akasema Wahome, msimamizi wa banda, akitabasamu. "Si ulituachia kikiwa kichafu? Ati mgeni aone gari ya serikali na kutu?"

"Hiyo kutu niliichora."

"Unachora aje kutu, bana? Watu wanatafuta vile wataitoa. Na hii madigadi ilikuwa imepondeka, nikainyoosha na plaisi. Hata usinishukuru."

Nasike akamgeukia. "Wahome. Nilipochora uso wako kwenye bango la duka lako, nilikunyoosha pua?"

Mama wa vikapu wa meza ya pili akacheka mpaka akashika kifua. Wahome akaigusa pua yake.

Mzee Mukhisa akaingia wakati huohuo, fimbo mbele. Hakusubiri kusalimiwa. Alikichukua kifaru, akakileta karibu na jicho, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yako, Papa."

"Yangu haikuwa ya gwaride." Kidole chake kikatambaa upande wa kulia, kikafika kwenye madigadi, kikapita bila kukwama. Kikarudi. "Niligonga wapi sasa?"

"Wameinyoosha, Papa. Mimi niliibonyeza, wao wakanyoosha."

"Yaani hata kosa langu nimenyang'anywa."

Akaomba kiti. Akakaa, akakiweka kifaru magotini, akalitafuta bati kwa gumba, akakandamiza mara moja tu. "Hapa," akasema. "Huenda si pale ulipokuwa umeibonyeza. Hapa."

Nasike alitoka nje, akachota vumbi jekundu kwa kiganja, akarudi akalipuliza juu ya magurudumu. Rangi yao ilikuwa bado inanata. Vumbi likashika vizuri kuliko gundi.

"Dada, tafadhali," Wahome akanong'ona. "Mgeni ameshafika langoni."

Mzee hakuinua kichwa. "Mwambie dereva wake aangalie nguzo."