Kurasa Tisa za Mwisho

Siku yangu ya kwanza katika maktaba moja ya Dodoma nilikabidhiwa muhuri wa tarehe, chupa ya gundi na onyo. Mkutubi Mkuu, mtu mfupi aliyevaa tai hata Jumamosi, alinionyesha rafu ya riwaya za kale za Kiingereza akasema, "Kijana, hapa kitabu kikirudi tunahesabu kurasa. Zikipungua mikononi mwako, nawe unapungua." Hakuwa anatania. Aliyenitangulia alikuwa ameshapungua, anachuma zabibu Makutupora.

Vijana wa leo kazi hiyo hamkuiona. Kila kitabu kilikuwa na namba na idadi ya kurasa kwenye daftari la mapokezi, na ndani ya jalada mfuko mdogo wa kuwekea kadi ya mwazimaji. Hayo niliyajua upesi. Sikuwajua mchwa wa Dodoma. Wiki ya tatu nilifungua riwaya nene ya binti wa mchungaji na wachumba wake wawili, nikakuta wamekula sura ya mwisho yote. Ukaguzi ulikuwa Ijumaa.

Nakala nyingine haikuwepo mjini. Basi nikakisoma kitabu harakaharaka, kisha nikakaa kwenye taipureta nikakimalizia mwenyewe. Mchumba mmoja alikuwa kapteni mwenye maneno mengi, wa pili muuza vitambaa mpole. Kapteni sikumpenda tangu alipoingia, kwa hiyo binti nikampa muuza vitambaa. Nikaongeza wajomba, mahari ya ng'ombe sita, na pilau ya harusi iliyoliwa kwenye theluji. Nikabandika kurasa tisa. Mkutubi Mkuu alilowesha kidole, akahesabu hadi mwisho, akasema, "Zimetimia." Kusoma hakukuwa sehemu ya ukaguzi.

Aliyekiazima zaidi ni Bi Mwanaidi, msichana wa ukoo wa wafanyabiashara wa mjini. Siku moja alikirudisha macho yamevimba kwa kulia. "Kaka, kitabu hiki kimeniamulia jambo," akasema. Baada ya mwezi nikasikia amemkataa afisa mmoja mwenye pikipiki, ameolewa na Idrisa, muuza kanga asiyejua kupaza sauti. Nilijiona mwandishi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini vikaja vitabu huria, yaani vile vya kale ambavyo haki za mwandishi zimekwisha muda, na kila mtu anavipakua bure, kamili, bila mchwa. Wanafunzi wa chuo kikuu pale Chimwaga walikuwa wanavijua tayari. Wazee niliwafundisha mimi. Bi Mwanaidi akaja kutoka Nzuguni na kishikwambi alichonunuliwa na mwanawe.

"Nitafutie kile cha binti wa mchungaji," akasema. "Maandishi makubwa, macho yamechoka."

Nilikipata, nikateremka moja kwa moja hadi mwisho. Binti alimchukua kapteni! Niliona aibu, na niliogopa sana. Ndoa ya watu ya miaka thelathini ilisimama juu ya uongo wangu. Nikasema mtandao unasumbua.

"Unasumbua nini, na kitabu nakiona hapo?"

Nikamweleza yote. Alichukua kishikwambi chake, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi aliingia Mzee Idrisa mwenyewe, mumewe. Hakusalimia.

"Ni wewe uliyeandika zile kurasa?"

"Ni mimi," nikasema, nikirudisha kiti nyuma kidogo.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Miaka yote hii ndugu zangu wananisema nilioa bila mshenga. Kumbe mshenga wangu amekaa maktaba! Haya, twende nyumbani. Tangu jana mwenzangu ananitajia yule afisa wa pikipiki, na ndoa ikiyumba anayeitwa ni mshenga."

Nilikwenda. Nilitoka huko alasiri, nimeshiba, nimewapatanisha. Mwezi uliofuata nikastaafu ukutubi kwa barua yenye muhuri na sahihi. Kwenye ushenga barua ya namna hiyo haitolewi, maana wiki hii peke yake wameniita mara mbili.