Jacinta Anahama Kutoka Behewa la Mizigo

Alasiri, joto linapoanza kulegea na upepo wa ziwa kupanda taratibu, Jacinta Achola anafunika samaki wake kwa gazeti na kusimama. Wenzake nao wanasimama, mmoja mmoja, beseni mikononi, nyuso zikielekea upande wa Kisumu.

Huu ndio wakati treni ilipokuwa ikiingia. Haijaingia tangu mwanawe Byron akiwa darasa la kwanza, na sasa Byron ana watoto wake. Nyasi zimemeza reli, mbuzi wanalala ndani ya ofisi ya tiketi. Hata hivyo, akina mama wa stesheni ya Kadero husimama kidogo hivyo, kisha huketi na biashara huendelea.

"Miguu inasimama yenyewe," Jacinta anasema akicheka. "Sasa mimi nitaiambia nini?"

Soko zima limepangwa kwa treni isiyokuwepo. Karanga na ndizi ziko pale yaliposimama mabehewa ya thadi klasi, daraja la tatu, maana huko ndiko mikono ilikojaa madirishani. Samaki wako mwisho kabisa wa jukwaa, palipokuwa behewa la mizigo. Nafasi hiyo Jacinta alikabidhiwa na mama mkwe wake, marehemu Debra, mara tu alipoolewa. Karibu na geti la barabarani palibaki uwanja mtupu, safi, usioguswa na mtu. Hapo palikuwa fasti klasi, ya wenye pesa.

"Hao walikuwa wanafunga dirisha," anaeleza. "Hawanunui kitu. Nani ataweka mali yake hapo?"

Wahu, mama mgeni kutoka Nyeri, hakujua hayo. Alikuja na viazi, akaona nafasi nzuri, akamwaga gunia. Walimcheka hadi mbavu zikauma, mpaka viazi vilipoisha kabla ya bidhaa za wengine wote.

Sasa mwisho wa jukwaa umebomoka, na Jumatatu mafundi watauziba kwa mabati. Jacinta ahame, au arudi nyumbani na beseni lake. Wahu amemwekea nafasi kando yake.

"Mama Byron, kuja tukae," anambembeleza. "Huku hakuna treni, kuna watu tu."

Wiki nzima Jacinta amekuwa mzito wa moyo. Haogopi kukosa wateja. Wateja wa huko mwisho walishapungua zamani.

"Nikitoka hapa, ni kama mimi ndiye nimesema haitarudi," anasema.

Lakini ameamua. Atabeba kigoda cha Debra na kukiweka fasti klasi, yeye ambaye aliwauzia wasafiri samaki miaka yote na hajawahi kupanda treni hata siku moja.

Na treni ikirudi je?

Jacinta anatazama reli, anatabasamu.

"Wacha ikuje. Nitagonga hilo dirisha mpaka wafungue."