Kivuli Juu ya Maboga

Nilipokuwa mtoto pale Ihanda, hakuna aliyethubutu kulinyooshea kidole boga changa. Tuliambiwa litaoza, kwa hiyo tulionyesha kwa ngumi. Maboga ndiyo yaliyotuvusha miezi ya njaa, mahindi ya zamani yakiwa yamekwisha na mapya hayajakomaa, na labda ndiyo sababu yalizungukwa na miiko mingi kuliko mazao mengine. Mingi ya miiko hiyo ilikuwa ya kuchekesha. Mmoja ulituondolea mama.

Ilikuwa zamani za Waingereza, watu walipohimizwa kupanda kahawa. Baba alipanda yake katika kipande cha chini ya nyumba, na katikati ya miche akaweka migomba ya kuikinga na jua. Kipande hicho kwa miaka mingi kilikuwa cha Bibi, mama yake Baba, na Bibi hakukiacha. Mvua za kwanza ziliponyesha alifukia mbegu zake za maboga palepale, chini ya migomba ambayo sasa ilikuwa imetanda.

Mvua hizohizo zilimkuta Mama akijifungua mapacha, wavulana wawili, Yona na Yoeli. Leo watu wangepiga vigelegele. Siku zile, ingawa Jumapili tulikwenda kanisani, mapacha waliogopwa, na mama yao aliogopwa zaidi. Ilisemwa kwamba kivuli chake kikiangukia shamba lililochanua, maua huungua. Bibi akaamuru Mama ahamie kwenye kibanda kando ya zizi la zamani, mbali na bustani, akae huko hadi mavuno. Mimi, Tamari, nilikuwa binti pekee wa nyumba ile, kwa hiyo nilimpelekea chakula.

Sikumbuki kumwona akilia. Nakumbuka alivyochimbachimba pale zizini, mtoto mmoja mgongoni na mwingine amelazwa juu ya ngozi ya mbuzi, akifukia mbegu kwenye ule udongo mweusi wa samadi ya kale. Hapakuwa na mti hata mmoja. Jua lilipiga tangu lilipochomoza hadi lilipozama.

Bustani ya Bibi ilianza kwa majani mengi, mapana, ya kijani kilichofifia. Mashina yakarefuka kama yanatafuta kitu. Maua yakaja, yakaanguka. Vijiboga vichache vilivyojitokeza vikawa vya njano, vikalainika, vikadondoka. Kila asubuhi Bibi aliinama kuvifunua, na kila asubuhi aliinuka taratibu zaidi. Katika njaa ya ujana wake alikuwa amezika watoto wawili. Hilo alinisimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye.

Siku moja Mama alisimama njiani, mbali kama alivyoagizwa, akapaza sauti kumwambia Bibi aliyekuwa bustanini.

"Mama, si kivuli changu. Boga linataka jua la asubuhi na la mchana. Hapo chini ya migomba linapata jua la kuchungulia tu. Mwambie Baba Tamari apunguze migomba miwili mitatu."

"Rudi kibandani kwako," Bibi alisema bila kugeuka.

"Maua yatafunga matunda, mama. Jaribuni tu."

Bibi alimtazama Baba, aliyekuwa akipalilia kahawa hatua chache kutoka pale. Baba aliendelea kupalilia. Kisha akasema, "Miche bado midogo. Bwana shamba alisema isipate jua kali." Mama alisubiri kidogo, labda akidhani kuna neno jingine linakuja. Halikuja. Akaondoka.

Kabla mvua hazijapungua Yona alishikwa na kifua, akafa. Alizikwa haraka, bila watu wengi. Yoeli akabaki akinyonya peke yake.

Nyumbani tulikuwa tumefikia kula uji mwepesi mara moja kwa siku. Ndipo jirani mmoja aliyekuwa akitafuta mbuzi wake alipopita zizini, akaona. Maboga yalikuwa yamelala juani kila mahali, makubwa, mengine tayari yameanza kuwa magumu ngozi. Mimi niliyajua siku zote, na kwa akili yangu ya kitoto nilifurahi kwamba yameonekana. Nilidhani sasa watamrudisha Mama nyumbani.

Walikuja wazee wa ukoo, wakasimama kuyatazama. Bibi alikuja nyuma yao, amekonda.

"Maua yangu yameanguka, yake yamefunga," alisema. "Yangu yamekwenda wapi, kama hayakuja huku?"

Mama aliwatazama mmoja mmoja. "Huku kuna jua," alisema. "Tazameni juu. Hakuna kingine."

Hakuna aliyetazama juu.

Wazee waliamua kwamba Mama ameyavuta maboga ya Bibi kwa uchawi, arudishwe kwao. Mjomba wangu alitumiwa ujumbe, akaja kutoka Ikinga kumchukua dada yake. Mama aliruhusiwa kuondoka na Yoeli kwa kuwa bado alikuwa ananyonya. Mimi nilikuwa mtoto wa ukoo wa Baba, kwa hiyo nilibaki. Mama alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akasema, "Tamari, mtii bibi yako," kisha wakashika njia. Maboga yake tuliyala. Bibi aliyapika mwenyewe, akatugawia, na yeye hakuonja.

Msimu uliofuata kahawa ilikuwa imepata nguvu, na Baba akakata nusu ya migomba. Maboga ya Bibi yakazaa hadi tukagawia watu. Majirani walipita wakisema, "Mnaona? Tangu aondoke." Baba alikuwa amesimama nao, panga mkononi.

Sikumwona Mama tena. Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto, siku Yoeli alipokuja Ihanda kutuletea habari za kifo cha Mama. Baba, mzee sasa, alimpa kigoda na maji. Waliongea kuhusu mvua. Yoeli alipoondoka nilibaki na Baba uani.

"Baba," nilimuuliza, "ulijua kwamba ni migomba?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Njaa ilikuwa imeingia, mwanangu. Watu walikuwa wanatafuta wa kumlaumu. Ningesema ni migomba, wangeuliza nani aliyeipanda."

Watu wengi wa rika langu husema tuliharibiwa na imani za wazee. Mimi sisemi hivyo kirahisi. Bibi aliamini alichokisema, na aliogopa kuzika tena. Nikimfikiria leo namwonea huruma. Baba hakuamini, naye ndiye aliyenyamaza. Nilimtunza hadi alipofariki, nikamlisha na kumwosha kama mzazi anavyostahili. Kumsamehe bado najaribu. Kuna siku naweza, na kuna siku siwezi.