Siku Nilipomwandika Baba Yangu Marehemu

Aibu yangu hii watu wa rika langu hawataki ife. Hata leo nikienda sokoni Tarime kuna atakayeniuliza, "Bhoke, baba alishafufuka?", kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe, maana wenzangu wanaitia chumvi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nasoma shule ya kati ya misheni, wasichana tukiwa wanne tu, na mimi nilikuwa pale kwa sababu baba yangu, mzee Marwa, aligombana na ndugu zake waliotaka niolewe ng'ombe wa mahari waingie zizini. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Yohana (mgeni, alikuwa amekuja muhula ule ule), akatupa insha ya "Baba Yangu", akasema atakayeandika bila kosa la sarufi ataisoma siku ya wazazi mbele ya mkaguzi wa Kizungu. Sasa wakati uliopo ulikuwa unanitesa (ile herufi s wanayoibandika kwenye kitenzi, mara ipo mara haipo), lakini wakati uliopita nilikuwa nao kiganjani, basi nikaamua insha nzima iende kwa wakati uliopita: baba alikuwa mrefu, baba alikuwa jasiri, alinibeba mgongoni tukavuka mto Mara umefurika, sote tulimpenda. Sikukosea hata nukta.

Siku ikafika, nikasoma kwa sauti, kifua mbele. Nilipomaliza mkaguzi akavua kofia, akasema maneno ya upole, na Mwalimu Yohana akayafasiri: "Mgeni wetu anampa pole binti huyu kwa kufiwa na baba yake. Tusimame, tukae kimya kidogo."

Watu wote wakasimama, na baba naye akasimama, kofia mkononi, akamnong'oneza jirani yake, "Nani amekufa?"

"Wanasema ni wewe," jirani akajibu.

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele, lakini baba mdogo Chacha, mmoja wa wale waliotaka niolewe, hakucheka. Alikuja mpaka pale niliposimama, akasema, "Hii ndiyo shule? Kumtamkia baba yako kifo mbele ya watu? Leo unarudi nyumbani, na hurudi tena hapa."

Mwalimu Yohana, jasho likimtoka, akaniamuru nimwambie mkaguzi kwamba nimekosea. Nikasema, "Baba nitamwomba radhi. Ila sarufi yangu ni safi, mwalimu. Kama kuna kosa nionyeshe."

Akaishika karatasi, akaipitia mstari kwa mstari, kisha akaanza tena kutoka juu.

Baba ndiye aliyesema. "Mwalimu, nisomee kwa Kiswahili yote aliyoandika." Akasomewa, ameegemea fimbo yake, na ilipofika sehemu ya kuvuka mto Mara akainamisha kichwa. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Chacha, wewe ukifa nani atakusema hivi? Mtoto anabaki shuleni."

Nyumbani wazee walidai niichane ile insha, tena atolewe mbuzi wa kuondoa mkosi; mbuzi akachinjwa, nami nikapiga magoti nikamwomba baba radhi kwa moyo wote. Tangu hapo mtu akiwa anapumua siandiki kwamba "alikuwa", hilo nimeapa. Lakini waliotaka niichane ile insha walichoka wenyewe, na Mwalimu Yohana hakunionyesha lile kosa mpaka nikamaliza shule.