Fokasi ya Kinyonga

Wenzake wa gazetini humwita mume wangu Kinyonga, wala si kwa kubadilika rangi. Ni kwa namna anavyozungusha pete ya lenzi, polepole hadi watu wanatamani kumsukuma. Lenzi yenyewe ni ndefu kama mchi, na nyuma yake huchomeka kipande kingine cha kioo anachokiita kiongezi, kinachovuta vitu karibu mara mbili. Kikishaingia hicho, kamera haiwezi tena kujifokasi yenyewe ili picha itoke wazi. Kitundu cha kuchungulia kinafifia, na kazi yote inabaki kwa jicho na vidole.

Hata nyumbani tunakoma naye. Akitupiga picha ya familia anatusimamisha mpaka magoti yanalalamika. "Msipumue," anasema, utadhani tumemkosea. Aliyekuwa akimvumilia ni mdogo wake, kitindamimba wa mama mkwe wangu. Yeye angesimama wima bila kununa hadi kaka mtu aseme tayari.

Ndiye huyo aliyekamatwa. Alikuwa mlinzi wa ghala la dawa, dawa zikatoweka kwenye zamu yake. Kama aliiba au aliponzwa, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mume wangu alipoletewa habari alisema "Aa," akamalizia chai yake. Amepiga picha za moto, ajali na maiti kwa miaka mingi, na nadhani ganzi ilimwingia kidogo kidogo mpaka ikafika moyoni. Nilimkasirikia sana. Nilimwambia hata ukuta ukigongwa hutoa sauti.

Siku moja kabla ya kesi, mama mkwe alikuja. Hata kiti alikikataa.

"Mwanangu, nasikia kesho utakuwa juu ya paa na huo mtutu wako. Nakuomba, usimwanike mdogo wako gazetini."

"Mama, nisipopiga mimi atapiga mwingine."

"Huyo mwingine sikumzaa."

Mwosha huoshwa. Watoto wa watu aliwaanika miaka yote, na mama zao nao walikuwepo, ila hawakujua mlango wetu. Mama mkwe alipoondoka, mume wangu alinieleza alichowaza.

Ofisi ya gazeti inatazamana na ua wa mahakama. Washtakiwa hushushwa kwenye gari upande wa mbali, wakatembea kuelekea mlango wa upande wetu. Ua umetandikwa vigae vya saruji. Kwa lenzi ile na kiongezi chake, kinachoonekana vizuri ni upana wa kigae kimoja tu. Mtu akiwa mbele au nyuma ya hapo, uso wake ni uji. Ndiyo maana Kinyonga hamfukuzi mtu kwa kuzungusha pete. Huchagua kigae karibu na mlango, akakifokasi, akamsubiri mtu akikanyage. Kesho yake angefokasi kigae cha nyuma kabisa, karibu na gari, ambacho watu hukipita haraka, kisha abonyeze kitufe wakati shemeji amefika mlangoni. Picha ingetoka ukungu mtupu. Mhariri angesema Kinyonga amezeeka, yangeisha. Nilimwona mtu wa maana siku hiyo, nikamkaangia mayai bila kuombwa.

Yaliyotokea alinisimulia mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za sokoni. Shemeji alishuka na pingu, askari kila upande. Hatua chache tu akainua macho kuelekea paa. Alijua kaka yake yuko pale. Akasimama. Askari alimvuta, akagoma kidogo, akanyoosha mgongo na kutulia, kama anavyofanya kwetu. Alikuwa amesimama juu ya kile kigae cha nyuma.

Kidole cha mume wangu kimezoea jambo moja maishani: uso ukikolea kwenye kitundu, bonyeza. Kikabonyeza. Kisha shemeji akavuta shati akafunika uso, akaingizwa ndani, na hakuna mpiga picha mwingine aliyempata.

"Si ungeifuta!" nilimwambia.

"Ningeifuta."

"Kwa nini hukuifuta?"

"Ilikuwa imetoka vizuri. Nikateremka nayo tu kwa mhariri."

Gazeti lilipotoka, mama mkwe alilileta mwenyewe. Mimi nilijiandaa kwa laana. Yeye alilikunjua mezani, akainama hadi pua ikakaribia karatasi.

"Amekonda," alisema. Akamgeukia mwanawe. "Ulimwambia asimame?"

"Hapana, Mama."

"Basi alisimama kwa sababu alimwona kaka yake. Wewe ulimwona nani?"

Mwanamume mwingine angedanganya. Wangu alifikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa njia.

"Niliona kope, Mama. Zilikuwa zimekolea sawasawa."

Mama mkwe akaanza kulia, nami machozi yakanitoka. Mume wangu akatutazama na uso wake mkavu. Hasira zikanipanda. Nikamshika mkono, nikamfinya kwa kucha zote, nikamuuliza kama nimeolewa na mtu au na gogo.

Hakuuondoa mkono.

"Finya zaidi," alisema. "Bado sijasikia kitu."