Unga Uliogoma Kuumuka

Hadi leo, nikifungua pakiti ya hamira, ile harufu yake ya uchachu inanipandisha hasira kabla sijagusa unga. Mnisamehe. Aliyewahi kuumbuliwa na bakuli la vitumbua mbele ya wageni atanielewa.

Nilikuwa na miaka kumi, na hatukuwa na mwaka mzima tangu tuhame Tanga kuja Ilomba, Mbeya. Mama alikuja na chuma chake cha vitumbua na kanuni ya kwao: unga ukikorogwa adhuhuri, alasiri umeumuka. Saa ya nini? Adhana ilitosha. Ramadhani ile iliangukia kipupwe, na mama akawaalika majirani futari kwa mara ya kwanza. Bakuli la unga akanikabidhi mimi. "Mwanaidi, leo vitumbua ni vyako," akasema, nami nikajiona mtu mzima.

Nikasaga mchele, nikatia tui, sukari, iliki na hamira, nikakoroga kwa maji ya bomba yaliyoniuma hadi kwenye kucha. Alasiri ikaadhiniwa. Nikafunua kawa: unga umelala vile vile, hata povu moja hauna. "Subira huvuta heri," mama akasema. Nikasubiri, heri haikuja. Nikaongeza hamira, nikaongeza tena.

Jirani yetu, Mama Tumaini, Mnyakyusa, alikuja kurudisha ungo, akachungulia. "Mama Mwanaidi, huku hata maziwa yanachelewa kuganda. Lifunge bakuli hilo kwa blanketi, uliweke karibu na jiko."

Mama alicheka kwa adabu. Jirani alipotoka, akaguna: "Vitumbua kuvaa blanketi! Kwetu nani kaona?"

Magharibi ikawa inabisha hodi. Kwa kukata tamaa nikalibandika bakuli juu ya mkaa wenyewe. Chini kukaiva kama uji, juu kukabaki baridi. Tulichokaanga kilikuwa bapa, kinanata, kichungu kwa hamira. Wageni wakafuturu kwa tende na uji, wakausifu sana uji. "Kumbe na wewe una mkono mbaya," mama akaniambia, wote wakisikia. Sikupewa bakuli tena, na kinyongo kile nilikaa nacho miaka.

Sasa nasomea ualimu wa kemia, Iringa. Siku mhadhiri alipoeleza kwamba kila mmenyuko wa kikemia una kizingiti chake, na chembe zisipopata nishati ya kukivuka zitagongana bure tu, nilitaka kulia kwa hasira. Baridi hupunguza kasi, joto la wastani huiongeza, na moto mkali huiua hamira yenyewe. Mama Tumaini alilijua hilo bila daftari, nasi tukamcheka!

Jumamosi nikakoroga unga kwa maji ya vuguvugu, nikalifunga bakuli blanketi. Ukaumuka hadi ukainua kawa. Nikaanza kukaanga, huku nikimpigia mama simu kumweleza yote, na sitaficha, nilitaka aniombe radhi.

Akaniambia: "Mwanangu, tangu tufike Mbeya mimi nilijaribu mara tatu, wakati uko shule. Namwaga kabla hujarudi. Nikaona labda mkono wako utaniokoa." Kisha akashusha pumzi. "Kumbe mkono wangu ni mzima."

Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nikabaki nimeshika simu, vitumbua vikiungua.